Wanaopigwa picha waione filamu kabla yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie jambo moja kuhusu filamu za makala zinazoeleza matatizo ya jamii ya leo, kama vile uhamiaji, ukosefu wa makazi, ukatili wa majumbani na madhila ya vibarua. Filamu hizi sasa zinatazamwa na watu wengi kuliko zamani kwa kuwa zinapatikana hata kwenye simu, na wachambuzi huzisifu kwa ujasiri wa mwongozaji, uzuri wa picha na uzito wa mada. Ni nadra kusoma uchambuzi unaouliza iwapo yule mama, kibarua au mtoto ambaye maisha yake ndiyo filamu yenyewe alionyeshwa kazi hiyo kabla haijatoka. Rai yangu ni kwamba aonyeshwe, na asikilizwe anaposema kwamba kipande fulani kitamdhuru au kinampa maneno ambayo hakukusudia.

Mfano bora ninaoufahamu ni wa mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo, pwani ya Newfoundland nchini Kanada. Wakati huo serikali ilikuwa ikiwahimiza wakazi wa vijiji vya wavuvi vilivyotawanyika kando ya bahari wahamie kwenye miji mikubwa, na watu wa Fogo walikabiliwa na hatari ya kuachana na kisiwa chao. Mwongozaji Colin Low, wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, hakutengeneza filamu moja ndefu yenye msimulizi wa kuwasemea wavuvi. Alitengeneza filamu fupifupi zaidi ya 20, nyingi zikimhusu mtu mmoja au tukio moja, kisha akawaonyesha wenyewe kwanza na kuwapa nafasi ya kukataa sehemu wasiyoiridhia. Baada ya hapo wakazi walikusanyika kuzitazama pamoja, wakawasikia majirani zao wakieleza mambo ambayo hawakuwa wamewahi kuzungumza ana kwa ana, na ndipo filamu zikapelekwa kwa viongozi wa serikali. Waziri aliyehusika na uvuvi alijibu kwa njia hiyohiyo ya filamu, na majibu yake yakarudishwa kisiwani. Wakazi walianzisha chama cha ushirika na hawakuhama. Singependa kuzitwisha filamu sifa yote, kwa maana mazungumzo ya ushirika yalikuwapo hata bila kamera, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba kuwashirikisha wahusika kuliziharibu.

Najua kuonyeshwa peke yake hakutoshi. Robert Flaherty, aliyetengeneza “Nanook of the North” mwaka 1922, filamu kuhusu maisha ya Wainuit, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, alisafisha picha zake hukohuko kaskazini na kuwaonyesha watu aliowapiga picha, na bado filamu yake iliwaonyesha wakiwinda kwa silaha za jadi ilhali walikwishazoea bunduki. Wahusika walishirikiana naye kwa hiari, ila mtazamaji wa mbali ndiye aliyeachwa bila kuambiwa. Kwa hiyo ridhaa ya mhusika haimwondolei mwongozaji wajibu wa kusema kweli. Wajibu huo uko palepale, na juu yake unaongezeka huu ninaouzungumzia.

Desturi ya sasa ni kumpa mhusika hati ya ridhaa aitie saini, mara nyingi mapema, wakati hakuna anayejua filamu itakuwa na sura gani. Huwezi kuridhia kitu ambacho hakijakuwapo. Saa nyingi za mazungumzo huchujwa zikabaki dakika chache, kicheko cha asubuhi kikafuatishwa baada ya swali la jioni, na muziki wa huzuni ukawekwa mahali ambapo msemaji mwenyewe hakuwa na huzuni yoyote. Tafsiri inayoandikwa chini ya skrini ndiyo inayonikera zaidi: mtu anaeleza jambo kwa utaratibu, kwa methali na kwa tahadhari, naye mtazamaji anapewa mstari mmoja mkavu. Mtu wa kwanza anayeweza kugundua kosa hilo ni yule aliyesema, na yeye ndiye ambaye hakuitwa kwenye chumba cha uhariri.

Hata filamu iliyomsaidia mtu inaweza kumwacha na dai halali. Randall Dale Adams alihukumiwa kifo katika jimbo la Texas, Marekani, kwa mauaji ya polisi ambayo hakuyafanya. Filamu ya Errol Morris, “The Thin Blue Line”, ya mwaka 1988, ilisaidia kuibua upya ushahidi wa kesi hiyo, na Adams akaachiwa huru mwaka 1989. Baadaye alimshtaki Morris ili arejeshewe haki ya simulizi ya maisha yake mwenyewe, na shauri likamalizwa nje ya mahakama. Wapo waliomwona hana shukrani. Mimi naona alidai kilicho chake.

Watengenezaji wa filamu hujibu kwamba utaratibu huu utampa mla rushwa au mwenye kiwanda kinachochafua mto nafasi ya kuizima filamu. Hoja hiyo ina uzito, nami sitetei haki ya mwenye mamlaka kufuta ushahidi dhidi yake. Huyo apewe tuhuma, ajibu, na jibu lake liwekwe. Ninayemtetea ni yule asiye na wakili wala msemaji, ambaye filamu ikitoka ataendelea kuishi na mwajiri, mume au majirani walewale. Tasnia yenyewe inaielewa hatari ya namna hiyo: katika “The Act of Killing”, filamu ya mwaka 2012 kuhusu mauaji ya halaiki ya 1965 na 1966 nchini Indonesia, wengi wa Waindonesia walioshiriki kuitengeneza hawakutajwa majina kwa ajili ya usalama wao. Tahadhari wanayopewa walio nyuma ya kamera haina sababu ya kuwapita walio mbele yake, hasa watoto, ambao watakua na kuikuta sura yao mtandaoni ikiwa imefungamanishwa na siku mbaya kuliko zote za utoto wao.

Ningeomba basi, Ndugu Mhariri, kwamba gazeti lako linapochambua filamu ya aina hii, mwandishi amuulize mwongozaji iwapo wahusika waliiona kabla ya kutolewa, walitaka nini kibadilishwe, na nani aliigharimia. Jibu lichapishwe pamoja na uchambuzi, hata kama ni kwamba mwongozaji amekataa kujibu.

Msomaji wako