Risala ya Madaktari Tarajali kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, Siku ya Kuhitimisha Mwaka wa Mafunzo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mfawidhi, wakuu wa idara, walezi wetu na wageni waalikwa: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuja. Orodha ya mafanikio tumeiacha kwenye faili; leo tuna jambo moja tu, nalo ni kitanzi, au lupu, kile kifaa kidogo cha kuzuia mimba kinachowekwa ndani ya mfuko wa uzazi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwaka ulipoanza, mama wa watoto watatu alimuuliza mwenzetu kliniki: "Dokta, hiyo lupu ikipotea si inapanda mpaka moyoni?" Mwenzetu, ambaye chuoni hakuwahi kufeli mtihani, akababaika, akamwandikia sindano ya uzazi wa mpango. Sista ndiye aliyemrudisha yule mama kwenye kiti. Akachora mfuko wa uzazi nyuma ya karatasi, akamwonyesha kuwa hakuna njia ya kwenda moyoni. Hakumficha na lisilopendeza: mara chache sana, kama 1 katika 1,000, kitanzi hutoboa ukuta wa mfuko wakati wa kuwekwa. Hedhi nayo huweza kuwa nzito miezi ya mwanzo. Mama akasikia yote, akakichagua.

Siku ile tulijiona. Sindano tunachoma, kijiti tunaweka, kwa hiyo ndivyo tulivyovitaja. Kitanzi tulikijua kwa picha za darasani, tukakipita harakaharaka, na mama akadhani amechagua kati ya vyote vilivyopo.

Na si kwamba hatukukisoma. Tulijua kitanzi cha shaba hakina homoni, hukaa miaka 10 au zaidi, na katika wanawake 100 wanaokitumia kwa mwaka, hata mmoja hatimii anayeshika mimba. Hata hivyo tulikuwa tukiwarudisha mabinti ambao hawajazaa, na baadhi ya wanaoishi na VVU, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauwazuii kwa sababu hiyo pekee. Wanaojifungua hapa, ambao wangeweza kuwekewa ndani ya saa 48, tuliwaambia warudi baada ya wiki sita. Wengi hawakurudi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunawaombea wanaotufuata mambo mawili. Wapatiwe sanamu za nyonga za kujifunzia, wakosee kwenye plastiki kabla ya kumgusa mtu, na kitabu chao cha mafunzo kisisainiwe mpaka wameweka na kutoa vitanzi mbele ya mlezi. La pili ni chumba chenye mlango. Pazia letu lina tundu, na nyuma yake watu wanapita kwenda maabara. Hakuna mama atakayeuliza habari za mumewe kuguswa na uzi wa kitanzi huku akisikia viatu vya wapita njia.

Sista aliyechora ile karatasi ameketi safu ya tatu, upande wa dirishani. Tunaomba umpe mkono kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.