Winchi ya haidroliki isinunuliwe kwa tani peke yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mvua za Desemba zinapokaribia, na korosho bado zinatoka vijijini, wenye magari ya kazi huku Mtwara na Lindi huanza kuulizia winchi, ile mashine ya ngoma na waya inayovuta gari lililokwama. Wapo waliotishwa na jinsi barabara ya kwenda Dar es Salaam ilivyokatika pale Somanga mwezi Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya. Walio upande wa Liwale na Nachingwea hawahitaji kimbunga ili wakwame, mfinyanzi unawatosha. Kufunga winchi ni jambo jema. Linalotusumbua ni namna zinavyonunuliwa na kufungwa, hasa hizi za haidroliki, yaani zinazoendeshwa na presha ya oili. Mteja anaingia dukani, anauliza "ya tani ngapi?", analipa. Fundi anachomelea bamba kwenye bampa, anaunga mipira miwili ya kupitisha oili kwenye pampu ya pawa steringi, kazi imekwisha. Siku gari likizama ndipo inajulikana kwamba winchi haivuti, na pengine usukani nao umekuwa mgumu.

Winchi ya haidroliki haina nguvu yake yenyewe. Inapewa na pampu, na pampu inapewa na injini. Hesabu yake ni rahisi: chukua presha kwa bar, zidisha kwa lita za oili zinazopita kwa dakika, gawanya kwa 600. Jibu ni kilowati. Pampu ya pawa steringi inayotoa bar 80 na lita 9 kwa dakika inakupa kilowati 1.2 tu, na kuna nyingine inayopotea ndani ya mota, gia na mipira. Kwa nguvu hiyo, mzigo wa tani 4 utasogea mita moja na kidogo kwa dakika. Sasa chukua pampu ya gia inayoendeshwa na PTO (kifaa kinachofungwa kwenye gia boksi kuchukua mzunguko wa injini), yenye ujazo wa sentimita za ujazo 20 kwa kila mzunguko. Ikizunguka mara 1,500 kwa dakika inasukuma lita 30, na kwa bar 140 hizo ni kilowati 7. Mzigo uleule utakwenda mita sita au saba kwa dakika. Winchi inaweza kuwa ileile. Kilichobadilika ni pampu.

Tani zilizoandikwa kwenye kibao cha winchi zina sharti ambalo wauzaji hawalisomi kwa sauti. Ni tani kwa presha fulani, na kwa tabaka la kwanza la waya kwenye ngoma. Winchi iliyoandikwa tani 4.5 kwa bar 120, ukiilisha bar 80, inavuta tani 3. Waya ukiwa umejaa hadi tabaka la nne, toa hapo tena kama theluthi. Ndiyo maana tunaziomba halmashauri, vyama vya msingi vya ushirika na taasisi zinazotangaza zabuni za magari ziache kuandika "iwe na winchi ya tani tano" na kuishia hapo. Ziandike presha, ziandike lita kwa dakika, na ziandike oili inatoka pampu gani. Mzabuni asiyeweza kujaza nafasi hizo tatu hajui anachouza.

Hatusemi pawa steringi haifai kabisa. Gari dogo linalokwama mara moja kwa msimu linaweza kutumia pampu hiyo, mradi mwenyewe akubali mwendo wa kobe, tena pole pole mara nyingi ni salama kuliko haraka. Ubora wake juu ya winchi ya umeme upo. Winchi kubwa ya umeme ikivuta kwa nguvu zote hula ampea 400 hivi, wakati alteneta za magari yetu mengi hazifiki hata 130. Kinachobaki kinanyonywa kwenye betri, na baada ya dakika chache mota inabidi ipumzishwe ipoe. Ya haidroliki inavuta kutwa ilimradi injini inaunguruma na oili haichemki. Injini ikizimikia mtoni, imekwisha. Anayevuka mito mara kwa mara ajue hilo kabla hajalipa.

Kwenye kuunga ndiko makosa yanakojaa. Ukitumia pampu ya pawa steringi, valvu ya winchi inakaa kwenye mpira wa presha, kati ya pampu na boksi la usukani. Valvu hiyo lazima iwe ya katikati wazi, yaani ikiachwa bila kushikwa oili inapita moja kwa moja kwenda kwenye usukani. Ikifungwa ya katikati iliyozibwa, usukani unakosa oili, pampu inasukuma ukutani muda wote, na oili inaungua kabla hujafika Masasi. Isitoshe, ukivuta winchi huku unakata usukani, mizigo miwili inagawana presha moja. Dereva aambiwe: nyoosha tairi kwanza, ndipo uvute.

Kuna jambo lingine kwenye valvu ambalo hata mafundi wa muda mrefu hulipita. Valvu nyingi zinazouzwa zimetengenezwa kwa ajili ya jeki za haidroliki, na katikati yake huziba matundu yote mawili yanayokwenda kwenye kifaa. Kwa jeki ni sawa kabisa. Kwa winchi ni hatari. Breki ya winchi nyingi za haidroliki hufungwa na springi na kufunguliwa na presha ya oili. Ukiachia mpini, presha inatakiwa iondoke irudi kwenye tangi ili springi ibane. Valvu ikiziba, presha inabaki imenaswa, breki haibani sawasawa, na gari linarudi nyuma kidogo kidogo kwenye mteremko. Mtu ataibadilisha breki mara mbili bila kupona. Agiza valvu ya mota: ikiwa katikati, matundu yote mawili yanafunguka kuelekea kwenye tangi. Pia hakikisha winchi ina valvu ya kuzuia mzigo iliyofungwa pale pale kwenye mota. Hiyo ndiyo inayouzuia mzigo kukimbia unapoushusha, hata mpira ukipasuka.

Tukirudi kwenye PTO, mfumo tunaoupendekeza kwa Land Cruiser mkonga na magari ya aina hiyo, kuna kitu kimoja kidogo kinachoua pampu mpya siku ya kwanza. Pampu ya gia ina upande wake wa kuzunguka, na mshale umechorwa kwenye bodi. Ukiizungusha kinyume, presha inageukia upande wa kuvuta, inasukuma sili ya shafti na kuitoa nje, na oili inamwagika juu ya gia boksi. Kabla ya kununua, washa PTO bila pampu, angalia shafti inazunguka upande gani, kisha nenda dukani. Usinunue kwa kubahatisha.

Mipira nayo ina vipimo vyake. Kwa lita 30 kwa dakika, mpira wa kuvuta oili kutoka kwenye tangi uwe wa inchi moja, wenye springi ndani usije ukajibana. Wa presha uwe nusu inchi, waya mbili, ule ulioandikwa R2, unaobeba bar 240 au zaidi. Wa waya moja wa kipimo hicho uko karibu na bar 140, maana yake unaufanyisha kazi mpakani kila siku. Wa kurudi uwe robo tatu ya inchi. Wengi hubana hapa ili kuokoa fedha, kisha wanashangaa sili ya mota inavuja: oili inayorudi ikikosa njia inarudisha presha kwenye mota, na sili ya shafti haikutengenezwa kubeba presha hiyo. Mota ikiwa na tundu dogo la tatu la kutoa oili ya ndani, livutie mpira wake peke yake hadi kwenye tangi. Usiunganishe na mpira wa kurudi, na usipitishe kwenye filta.

Tangi la lita 40 linatosha kwa pampu hiyo. Liwe na bamba katikati linalotenganisha upande wa kurudi na upande wa kuvuta, oili ipate muda wa kutua na kutoa mapovu. Mpira wa kurudi uingie chini ya usawa wa oili, si kumwaga kutoka juu. Weka filta ya maikroni 10 kwenye njia ya kurudi. Oili ya haidroliki ya daraja la unene 46 inafaa, na kwa joto la Lindi kazi ikiwa ndefu 68 pia si mbaya. Kwenye mfumo wa pawa steringi endelea na ATF (oili ya gia boksi za otomatiki) ileile iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Kuna wanaoongezea oili ya breki eti "zote ni haidroliki". Oili ya breki inaharibu sili za mfumo huu zote.

Kuhusu kufunga kwenye chesisi tutasema machache. Bamba lisishikwe na bampa, lishikwe na reli zote mbili za chesisi kwa bolti za daraja la 8.8 au 10.9. Ndani ya reli weka bushi ya bomba kila bolti inapopita, la sivyo ukikaza reli inabonyea na bolti inalegea baada ya wiki. Bolti ya milimita 12 ya daraja la 8.8 ikazwe Nm 80 hivi, kwa spana ya kipimo. Usizibe rejeta.

Baada ya kuunga kila kitu, usiwashe winchi. Mpira uliokatwa kwa grenda unabaki na vumbi la raba na chuma ndani, na vumbi hilo likiingia kwenye valvu linakwaruza palipochongwa kwa usahihi wa hali ya juu. Piga kila mpira hewa, kisha unganisha mipira miwili ya winchi yenyewe kwa yenyewe, acha oili izunguke dakika kumi kupitia filta, badilisha filta, ndipo uunge mota. Jaza pampu oili kwa mkono kabla ya kuizungusha. Ikizunguka kavu hata muda mfupi inajikwaruza. Injini ikiwa taratibu, zungusha ngoma mbele na nyuma bila mzigo mpaka oili kwenye tangi iache mapovu. Mapovu yasipoisha, kagua klempu za mpira wa kuvuta, kwani hewa inaingia hapo hata kama hapavuji oili. Pampu ikinguruma kama inasaga kokoto, haipati oili ya kutosha. Oili ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia.

Presha inapangwa kwa geji. Funga geji kwenye njia ya presha, zuia winchi isizunguke, kaza skrubu ya valvu ya presha, ile inayoachia oili presha ikizidi, kidogo kidogo hadi ifike kipimo cha kifaa dhaifu kuliko vyote kwenye mfumo, kisha rudisha nyuma kidogo. Kukaza skrubu hiyo porini kwa sababu gari limekataa kutoka ndiko kunakopasua mipira. Gari likikataa, funga kapi: nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unakuwa nusu. Na ukitafuta panapovuja, tumia kipande cha boksi, kamwe usipapase kwa mkono. Tundu la ukubwa wa sindano kwenye presha hiyo linaingiza oili chini ya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni. Aliyepatwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda kinaonekana kama cha mwiba.

PTO iingizwe klachi ikiwa imekanyagwa na gia ikiwa huru, na itolewe kabla ya kuondoka. Ukiisahau barabarani, pampu itazungushwa kupita uwezo wake. Taa ndogo nyekundu ya PTO kwenye dashibodi ni ya bei ndogo, ifungwe.

Mwisho, mahali pa kufunga waya. Mnazi una mizizi mifupi na laini, na ukivutwa wakati udongo umelowa unaweza kung'oka na kuja na wewe. Mkorosho ni mali ya mtu na magome yake yanachunika. Mwembe mkubwa au mbuyu ni bora, kwa mkanda mpana wa milimita 75 au zaidi na sheko, yaani pingu ya chuma ya kuungia. Waya usizungushwe kwenye mti moja kwa moja. Bakiza mizunguko mitano ya waya kwenye ngoma, na weka turubai zito juu ya waya katikati ili ukikatika usiruke. Pasipo na mti, kama kwenye mchanga wa Msimbati, chimba shimo la mita moja, laza tairi la akiba ndani likiwa limeungwa mnyororo kupitia tundu la katikati kwa bomba nene, chonga mfereji mdogo ili mnyororo utokee chini, kisha fukia na kushindilia. Baada ya mchanga wa bahari, osha winchi kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, na vijiti vya valvu vipakwe grisi. Vikishika kutu mpini hautarudi katikati wenyewe.

Mafundi wa haidroliki,
Masasi, Mtwara