Wanaotaka upolisi wanauliza urefu, hawaulizi kazi

Mhariri,

Salamu nyingi toka Ngarenaro. Ukurasa huu wa barua nausoma miaka mingi bila kuandika, leo imebidi, maana jana jioni amekuja tena kijana hapa nyumbani, wa tatu mwezi huu, shikamoo mzee, marahaba, eti mzee nimesikia ulikuwa polisi naomba unisaidie na mimi niingie. Nikampa kiti. Swali la kwanza, mzee mimi nina futi tano inchi saba na nusu, watanikata? Swali la pili, una mtu kule?

Mimi nimestaafu nikiwa sajini. Depo, yaani shule ya polisi Moshi, niliingia mwaka 1986, Arusha ikiwa bado manispaa, nikapangiwa hapahapa mjini na hapahapa ndo nimezeekea. Sina mtu kule, na hata ningekuwa naye nisingempa.

Hili la mtu linaniuma acha nianze nalo. Mtaa wa nyuma kuna mama anauza maziwa, mwaka juzi aliuza ng'ombe mmoja kati ya wawili aliokuwa nao akampa jamaa laki nane, jamaa kamwambia jina la binti yako lishaingia kwenye listi ya wanaoenda Moshi imebaki kusainiwa tu. Binti akanunuliwa tranka, raba, trakisuti, ndoo, shuka mbili, majirani tukampongeza, wakakaa kusubiri simu. Ile namba haijapatikana mpaka leo. Tranka lipo, mama anahifadhia unga. Jamani wazazi, kuomba upolisi hakulipiwi hata senti. Kijana anaomba mwenyewe mtandaoni kwenye mfumo wa ajira wa Jeshi la Polisi, namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, na barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, akiitwa usaili nauli na chakula ni juu yake, basi. Anayedai hela ya kukuweka kwenye listi ni tapeli hata akija kavaa magwanda, piga 113 TAKUKURU wamchukue.

Sasa kazi yenyewe, ambayo kati ya wale vijana watatu hakuna hata mmoja aliyeiuliza. Sifa wanazijua kwa kichwa, matangazo ya miaka hii yanasema mvulana futi tano inchi nane, msichana futi tano inchi nne, wa kidato cha nne na cha sita miaka 18 mpaka 25, usiwe umeoa au kuolewa, usiwe na mtoto, usiwe na tatuu. Sawa. Depo nako watakupigisha kwata mpaka miguu isahau kutembea kiraia, watakufundisha sheria na shabaha, watakupeleka porini kule West Kilimanjaro baridi ikuingie kwenye mifupa, na vyote hivyo vina kazi yake sivibezi hata kidogo. Lakini ukishapangiwa mjini kitu utakachokishika kila siku ya Mungu ni kalamu. Bunduki unakabidhiwa ukienda lindo unarudisha ukitoka, kalamu unalala nayo mfukoni.

Nakumbuka mwezi wangu wa kwanza kaunta. Alikuja mama muuza ndizi wa Soko Kuu analia, kakatiwa pindo la kanga, si mnajua wamama walivyokuwa wanafunga hela kwenye pindo. Nikamsikiliza kama dakika mbili nikaandika mistari mitatu, mlalamikaji ameibiwa fedha taslimu sokoni na mtu asiyemfahamu, nikampa RB, ile namba ya taarifa yake kituoni, aende. Sajini wa zamu akasoma, akaichana ile karatasi mbele yangu. Akasema mrudishe huyo mama umuulize kanga yake ina rangi gani, pindo la kulia au la kushoto, wamekata kwa kisu au wembe, noti zilikuwa za ngapi ngapi. Nikatoka mbio na buti mpya zinanibana nikamkuta anavuka barabara. Nikamrudisha, kanga tukaitandaza mezani, nyekundu na nyeupe, ya michoro ya korosho, na pale penye pindo wembe ulikuwa umepita katikati ya korosho moja, nusu ipo nusu haipo. Nikaandika hivyohivyo kama nilivyoona. Jioni ileile kijana mmoja akaletwa kwa kosa jingine kabisa, kupekuliwa ana hela zimefungwa kwenye kitambaa chekundu, na pembeni ya kitambaa nusu korosho. Mahakamani vile vipande viwili vilisogezwa pamoja juu ya meza ya hakimu vikaungana, na yule mama akapiga kigelegele ndani ya mahakama mpaka karani akamnyamazisha. Bila yule sajini kuchana karatasi yangu kesi ile ingekufa na mama angebaki na RB yake.

Na kalamu hiyohiyo inaweza kumwachia mwizi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai tangu ile ya 1985 imeweka masaa manne ya msingi ya kumhoji mtu tangu awe chini ya ulinzi, ukitaka zaidi muda unaongezwa kwa utaratibu sio kwa kujisikia. Nimeshuhudia kesi ambayo kila mtu mtaani anajua nani kafanya, maelezo ya mshtakiwa yakatupwa kwasababu askari kamkamata saa tatu asubuhi kaenda kunywa chai, kaenda na lindo lingine, kayaandika saa kumi jioni. Wananchi wakasema polisi kala rushwa. Mimi nilikuwepo, hakula kitu, hakujua kazi tu, na kwa aliyevunjiwa nyumba matokeo ni yaleyale. Au mtu kapigwa panga usiku yupo kaunta damu inadondoka we unatafuta peni ya kujazia PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali.

Arusha ya sasa sio ile niliyopangiwa mimi. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 617,631 ndani ya jiji, Muriet na Morombo ambako tulikuwa tunaona mashamba saivi ni nyumba mpaka macho yanaishia, alafu AFCON 2027 inakuja na uwanja ni hapahapa Olmoti. Wale vijana wa kukwapua mikoba kwa pikipiki, wanaoitwa tatu mzuka, hawakamatwi kwa mbio maana we unakimbia yeye ana pikipiki. Anayewajua ni fundi aliyemtengenezea hiyo pikipiki, mama lishe anayemkopesha chakula, madogo wa bodaboda pale kijiweni. Na hawa hawaji kituoni. Wanaogopa wakija kutoa habari watalala ndani wao, na woga huo una sababu, Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman ilipozunguka nchini mwaka 2023 malalamiko ya watu kukamatwa kwanza alafu upelelezi ufuate baadae yalikuwa mengi. Imani ya fundi pikipiki huipati ukiwa juu ya difenda. Unaipata kwa miguu, unampita kila asubuhi unamsalimia, siku moja mkeo kajifungua anakupa hongera, siku nyingine anakuita pembeni.

Ndo maana naomba wakubwa wenye jeshi lao, konstebo mpya akipangiwa jiji kama hili miezi yake sita ya kwanza amfuate mkaguzi wa polisi wa kata kwa miguu, ajue mitaa, ajue wajumbe kwa majina, difenda aje aipande baadae. Na kwenye usaili, wakishampima urefu, wampe karatasi tupu na nusu saa, aandike alichokiona njiani toka asubuhi.

Na wewe mhariri nina ombi. Kila nafasi zikitangazwa gazeti linatoa sifa na tarehe ya mwisho. Weka na nusu ukurasa wa kazi yenyewe, watafute hata wastaafu waseme, tupo wengi tumekaa tu vibarazani.

Yule kijana wa jana sikumfukuza. Nimempa kaunta buku nikamwambia nenda soko la Kilombero kaa nusu saa uje uniandikie ukurasa mmoja ulichokiona. Leo asubuhi kaleta. Kaandika "watu walikuwa wengi na biashara ilikuwa inaendelea vizuri". Nikaichana, nikamwambia kesho rudi tena, uniambie yule muuza nyanya wa mwanzo kabisa ukiingia alikuwa amevaa nini, mizani yake ipo mkono gani na hela anaweka wapi. Amekubali. Mwingine wa huku Ngarenaro au Kaloleni anayetaka aje jumamosi saa nne baada ya mimi kulisha kuku, aje na kalamu yake, hamna hela.

Sajini mstaafu,
Ngarenaro, Arusha