Bosi mpya, mazoea mapya

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole kwa kubadilishiwa bosi uliyemzoea. Barua yako nimeisoma yote, kama katibu muhtasi mwenzako. Unasema huyu mpya haeleweki: leo anataka aletewe kila kitu, kesho anahoji kwa nini unamjazia meza makaratasi. Halafu unaniuliza kama uombe kuhamishiwa idara nyingine. Subiri kwanza, mwenzangu.

Barua yako imejaa tabia zake, kwamba ni mkavu, hacheki, anaingia bila salamu. Hayo utayajua hata usipoyatafuta, na mengi hayakuhusu. Sijaona popote ulipoandika anavyopenda kupokea habari. Anasoma au anasikiliza? Akili yake imetulia saa ngapi? Jambo lisilo na uhakika, anataka alisikie mapema au asubiri mpaka likamilike? Mimi nilipoanza kuyatazama hayo, kazi ilinipungukia uzito, na mabosi niliowadhania wagumu wakawa watu wa kawaida tu.

Peter Drucker, yule bingwa wa mambo ya uongozi, alikuwa akisema wakubwa wengine ni wasomaji na wengine ni wasikilizaji, na kwamba wachache sana wanajijua wako upande upi. Mfano wake alikuwa Eisenhower. Alipokuwa jemadari, wasaidizi wake walihakikisha maswali ya waandishi wa habari yanamfikia kwa maandishi kabla ya mkutano, naye akijibu vizuri mpaka akasifiwa. Alipokuwa rais wa Marekani akawa anaulizwa papo kwa papo, na waandishi walewale wakalalamika kwamba hajibu alichoulizwa. Mtu ni yuleyule, ila njia ya habari kumfikia ilibadilika. Ukiniuliza, hapo ndipo penye kazi yetu.

Nimewahi kumfanyia kazi mama mmoja msomaji kwelikweli. Ukisimama mlangoni na maneno, anakukatiza: "Niandikie." Basi nikawa namwekea dokezo la nusu ukurasa: suala lenyewe, ninachopendekeza, na siku ya mwisho ya kuamua. Jioni naokota dokezo langu limeandikwa "sawa" pembeni. Alipostaafu akaja bwana ambaye madokezo yaleyale yalilala kwenye trei yake wiki nzima. Huyu alikuwa anaamua akitembea. Nikawa namsubiri kwenye lifti na mambo yangu matatu mdomoni, na tukifika mlangoni mwake yote yameshapata jibu. Kisha nikirudi mezani namtumia barua pepe fupi: "Kama tulivyozungumza, umeelekeza hivi na hivi." Hiyo usiiache kamwe kwa bosi msikilizaji. Si kwamba ni mwongo, anasahau tu, na siku akisahau, wa kuulizwa ni wewe.

Wako wachache wanaokwambia wenyewe wanavyotaka. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, alikuwa mmoja wao, ingawa sijui kama ningemuweza. Asubuhi alifanyia kazi kitandani, mchana akalala, kisha akaendelea mpaka baada ya usiku wa manane, na mara nyingi makatibu wake walipiga taipureta moja kwa moja huku yeye akisema, bila kuandika kwanza kwa hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunukuu haraka. Lakini tarehe 9 Agosti 1940, vita vikiwa vimepamba moto, aliandika waraka kuwataka watu wake wafupishe ripoti na waache maneno ya kujazia. Mambo ya haraka aliyabandika kikaratasi chekundu cha kuagiza yashughulikiwe siku hiyohiyo. Bosi wa namna hiyo anachosha mwili, ila hakuachi ukibahatisha.

Wako hasemi, basi muulize. Omba nusu saa, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Muulize ni nani anayeruhusiwa kumtoa kikaoni, kwa sababu kila bosi ana orodha hiyo kichwani na utaijua siku utakapomzuia mtu asiyezuiwa. Muulize miadi gani unaweza kuikubali bila kumrudia, na kama anataka nafasi kati ya kikao na kikao. Wapo wanaopenda kalenda iliyobanana, na wapo ambao wakikosa dakika kumi za kupumua wanaharibu kikao kinachofuata. Muulize na habari za simu za usiku, maana hilo ukilinyamazia wiki za mwanzo litageuka kuwa haki yake. Akijibu "wewe fanya unavyoona", usishangilie. Fanya jambo moja unavyoona, umpelekee, utazame uso wake.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nikuandikie kwa kirefu. Unasema huyu anafoka akipelekewa habari mbaya, na wenzako wamekushauri umpunguzie makali. Hapana, Rehema. Badilisha saa, badilisha sauti, badilisha karatasi, lakini habari yenyewe usiiguse. Asubuhi moja ya kikao cha bodi mhasibu aliniletea taarifa kwamba jumla mbili kwenye ripoti hazilingani. Bosi wangu wa wakati huo alikuwa moto, na ofisi nzima ilitaka tungoje kikao kiishe. Nilimwambia kabla hajavaa koti, nikamwonyesha na ukurasa wenyewe, na kwamba mhasibu yuko nje anasubiri. Alifoka, ndiyo. Kisha akaingia kikaoni akalitaja kosa mwenyewe kabla mjumbe hajalitaja. Tangu siku hiyo aliendelea kuwafokea wengine, mimi akawa ananiuliza tu, "Kuna nini?"

Na usije ukachanganya tabia na ubaya. Kumwambia mpiga simu "hawezi kupokea sasa" badala ya "hataki kuongea nawe" ni adabu ya kazi. Kurudisha nyuma tarehe ya muhtasari wa kikao, au kuongeza azimio ambalo halikupitishwa, hilo sifanyi kwa bosi yeyote, awe mcheshi namna gani. Matusi nayo hayavumiliwi kwa kisingizio cha "ndivyo alivyo." Yaandike jinsi yalivyotamkwa, weka tarehe, upeleke kwa watu wa rasilimali watu. Lakini kwa ulivyonieleza, huyu wako hajafika huko, ni mkavu tu. Mimi wakavu nawapenda, hawakuombi ucheke.

Jambo dogo: jina la bosi wako wa zamani lipumzishe. Najua mlielewana. Ila kila unapomwambia huyu "zamani tulikuwa tunafanya hivi", anasikia kwamba anapimwa. Peleka utaratibu uleule kama pendekezo lako wewe, utashangaa atakavyoukubali.

Barua ya kuhama usiiandike mwezi huu. Omba kwanza hiyo nusu saa, na ukishaipata niandikie alivyokujibu kuhusu simu za usiku.

Wako akupendaye,
Mwanaidi