Pimeni kwanza, ndipo muache chapati

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakimbiaji wenzangu, hasa wadogo zangu wa kambi za Arusha wanaosukuma pembeni sahani ya chapati kwa sababu Djokovic aliacha ngano akawa bingwa.

Ni kweli aliacha, na mwaka 2011 akatwaa mataji matatu makubwa ya tenisi. Lakini mwenyewe alieleza kwamba ngano ilikuwa inamsumbua. Waendesha baiskeli 13 wasio na seliaki, yaani ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huufanya mwili uumize utumbo wake, walijaribiwa wiki moja na gluteni na wiki nyingine bila gluteni. Utafiti ulichapishwa mwaka 2015, na kasi yao haikubadilika.

Mimi ninao ugonjwa wenyewe, seliaki. Nimezaliwa Hanang, binti wa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano ya Basotu, kwa hiyo ngano nimeila tangu nina meno mawili. Nilipoingia kambini nilikuwa nakata pumzi kilomita ya 12. Damu ilikuwa 8.4, na vidonge vya kuongeza damu nilimeza mwaka mzima bila kupanda. Nilipimwa mimba mara mbili. Kocha mmoja aliniita mvivu mbele ya wenzangu. Mama kwa huruma akanitumia ndoo ya unga wa lishe, nikawa nakunywa uji asubuhi na jioni, tumbo likizidi kuvurugika. Kumbe unga ule ulikuwa na ngano ndani.

Dada mmoja akanishauri niache ngano. Nikaacha, nikapata nafuu, na miezi mitano baadaye ndipo nikaenda kupima. Majibu yakaja safi. Daktari akaniuliza, "Binti, una muda gani hujala ngano?" Nilipomwambia, akaweka kalamu chini. Kipimo kile cha damu kinatafuta askari wa mwili wanaoamshwa na gluteni. Usipoila, wanapungua na ugonjwa hauonekani. Ikabidi nirudi kula ngano kila siku kwa wiki sita, mkate asubuhi na chapati jioni, nikiharisha huku wenzangu wakijiandaa kwa mbio za Moshi. Nililia sana wiki zile. Safari hii kipimo kikaonyesha, na kipande cha utumbo kilichochukuliwa kwa mpira wa kamera kikathibitisha: vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vilikuwa vimelala, madini ya chuma yakawa yanapita tu.

Leo damu yangu ni 12.6. Nakula ugali, wali, ndizi, viazi vitamu na maharage, vyakula vya sokoni kwetu, wala sinunui unga wa bei mbaya kutoka nje. Kinachonitesa ni mashine ya kusaga. Akitangulia mtu wa ngano, vumbi lake hubaki kwenye mawe na kwenye mfuko, likaingia kwenye mahindi yangu. Nimeongea na kijana wa mashine, ananisagia wa kwanza alfajiri kabla hajagusa kingine.

Makocha wangu, mkimbiaji ambaye damu haipandi kwa vidonge mpelekeni apimwe seliaki akiwa bado anakula chapati. Na ninyi mnaofungasha unga wa lishe, neno NGANO liandikeni mbele ya mfuko, kwa herufi ambazo mama yangu anaweza kuzisoma bila miwani.

Mkimbiaji wa mbio ndefu,
Arusha