Jumamosi Kisesa: kuhesabu nyuki kwenye matikiti

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tukutane saa 12:30 asubuhi njia panda ya Kisesa. Tafadhali tusichelewe, maana ua la tikiti hufunguka asubuhi na kufunga siku hiyohiyo.

Tutahesabu nyuki wanaotua kwenye maua ya kike tu. Utayajua: nyuma ya ua kuna kitikiti kidogo chenye vinyweleo, la kiume lina kikonyo kitupu. Ua la kike likikosa chavua ya kutosha inayoletwa na nyuki, tunda hupinda au hudondoka likiwa changa.

Msimu uliopita nilipuliza dawa asubuhi, nikaokota nyuki waliokufa chini ya majani. Bado inaniuma. Wenye mashamba jirani, nawaombeni sana, wiki hii msipulize kabisa.

Aliye na daftari letu aje nalo.