Sarafu ya Apollo 11 sio akiba ya uzeeni

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya sarafu za ukumbusho wa safari za anga, ile mliyosema sarafu za Marekani za mwaka 2019 za kukumbuka Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, ni "uwekezaji wa uhakika", nikaona hapana, hii siwezi kuiacha ipite hivihivi. Sarafu yenyewe sina ugomvi nayo, naipenda kuliko karibu zote nilizonazo. Ila huo uhakika mmeutoa wapi?

Tuanze na hesabu maana ndo mmeiruka. Sheria ya bunge la Marekani ya 2016 iliruhusu aina nne, ya dhahabu ya dola 5 mwisho sarafu 50,000, ya silva ya dola 1 mwisho 400,000, nusu dola ya shaba na nikeli mwisho 750,000, halafu lile jitu la aunsi 5 za silva mwisho 100,000. Na kila moja ikabandikwa mchango juu ya bei: dola 35 kwa ya dhahabu, 10 kwa ya silva, 5 kwa nusu dola, 50 kwa lile jitu. Mchango huo ulipangwa nusu yake iende jumba la makumbusho la anga la Smithsonian kwa ajili ya maonyesho yao ya safari za mwezini, nusu nyingine wagawane mfuko wa kuwakumbuka wanaanga waliofariki na mfuko wa kusomesha wanafunzi wa sayansi. Safi sana, sipingi hata senti. Lakini hela ikishafika makumbusho imefika, haimo ndani ya sarafu, siku unaiuza hakuna mtu atakurudishia mchango uliotoa wewe kwa mapenzi yako!

Chukua hiyo nusu dola. Thamani yake kisheria senti 50, madini yake ya kawaida tu, na idadi iliyoruhusiwa ni laki saba na nusu. Sa uadimu uko wapi hapo jamani? Ya dhahabu na ya silva angalau zina madini ya kuzishikilia, bei ya dhahabu duniani ikipanda na yenyewe inapanda, ila hapo umewekeza kwenye dhahabu, Apollo haihusiki.

Kitu mlichotakiwa kukiandika nyie mmekipa mstari mmoja, yaani umbo lake. Hii sarafu sio bapa. Upande mmoja umebonyea kama kisosi, na ndani ya huo mbonyeo kuna alama ya kiatu kwenye vumbi la mwezi, mchoro wa Gary Cooper aliyeshinda shindano la wazi, na pembeni majina ya miradi ya anga ya Marekani, Mercury, Gemini na Apollo, yametenganishwa na sura za mwezi unavyobadilika. Geuza upande wa pili sasa. Umetuna, na uchongaji wote ni kioo cha helmeti ya mwanaanga Buzz Aldrin, umenakiliwa kutoka picha aliyopigwa akiwa mwezini, kwa hiyo kioo kimetuna kwelikweli, ukikiinamisha kwenye taa mwanga unateleza juu yake na mle ndani unaona bendera, chombo walichotulia nacho, na mtu mdogooo amesimama. Huyo ni Neil Armstrong, mwenzake waliyetua naye, maana ndo alikuwa ameshika kamera ile Julai 20, 1969, na kwa sababu kamera alikuwa nayo yeye muda mwingi, picha zake mwenyewe akiwa mwezini ni chache mno, mara nyingi tunamwona hivi hivi, kwenye kioo cha mwenzake. Kwenye nusu dola inabidi utumie lenzi. Lile jitu lina upana wa inchi 3, hapo unamwona bila shida.

Mtu akiniuliza anunue au asinunue namwambia kama hicho kioo kimekugusa nunua, kama unatafuta faida kafanye kitu kingine. Na aangalie vizuri anachouziwa, kuna vitu vimepakwa rangi ya dhahabu vinapigiwa debe mtandaoni kama sarafu za mwezini, havina jina la nchi wala thamani ya pesa, hizo ni medali tu, wala sio sarafu.

La mwisho, mhariri, picha mliyoweka juu ya makala sio ya 2019. Yule tai anayetua mwezini na tawi la mzeituni kwenye kucha ni wa dola ya Eisenhower, sarafu ya zamani ya dola 1 ya Marekani, mchoro wa Frank Gasparro, ilitoka kuanzia 1971 mpaka 1978 na watu walikuwa wananunulia vitu. Zile za kawaida zilizochakaa, baada ya miaka yote hiyo, hazijaenda mbali na dola 1 yake. Mkisahihisha picha naomba na hilo mliandike.

Msomaji wenu, mkusanya sarafu